Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Nani Aulizwe Kuhusu MBA?

Kila mwaka, vyuo vikuu vyetu vinapofungua dirisha la udahili, simu yangu hupata kazi ya ziada. Wanaonitafuta msimu huo si vijana waliomaliza kidato cha sita. Ni watu wazima wenye kazi na familia: afisa mikopo wa benki mjini Shinyanga, mhasibu wa halmashauri huko Bukombe, msimamizi wa ghala la mpunga Kahama, karani wa stoo katika kampuni inayotoa huduma mgodini Geita. Salamu zikiisha, swali huwa moja: "Mwalimu, nikasome MBA au niache?"

Ninapowauliza wameshazungumza na nani, jibu karibu siku zote ni lile lile: wamezungumza na wanaoisoma sasa. Mmoja ana rafiki aliye mwaka wa kwanza Mwanza. Mwingine ana mfanyakazi mwenzake anayesoma kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria. Mwingine alikaa ndani ya basi na mtu aliyekuwa akirejea kutoka kwenye vipindi vya mwisho wa juma, wakaongea tangu Misungwi hadi Tinde. Hilo ni jambo la busara, na wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufundisha nimejiridhisha kwamba tunawahimiza watu kuuliza bila kuwafundisha namna ya kulipima jibu. Katika jambo linalogharimu akiba ya familia nzima, upungufu huo si mdogo.

Nianze na sababu inayolifanya swali hili liwe zito zaidi katika ukanda wetu kuliko kwingineko. Kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam, Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara inaweza kuwa ngazi moja zaidi katika jengo ambalo litaendelea kusimama. Kwa mtu wa Shinyanga na Geita, hasa yule ambaye mshahara wake unatoka mgodini au kwa mkandarasi wa mgodi, shahada hiyo anaitafuta kama bima. Anajua kwamba mgodi una mwisho. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia ukomo mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipofunguliwa alikuwa hajamaliza shule ya msingi ulipofungwa. Bulyanhulu nako, zuio la kusafirisha makinikia la Machi 2017 lilifuatiwa na kupunguzwa kwa shughuli mwaka huo huo, na uchimbaji wa chini ya ardhi haukurejea hadi mwaka 2020. Walioishi Kakola na Kahama katika miaka hiyo wanakumbuka nyumba za kupanga zilivyobaki na milango iliyofungwa, na namna watu waliozoea kupokea mshahara mnono walivyorudi vijijini kwao kimyakimya.

Ndiyo maana mtu wa huku akisikia habari ya MBA haisikii kama anasa. Anaisikia kama kitu ambacho hakitaisha siku mwamba utakapoisha. Tusimcheke kwa hilo. Hofu yake ina historia, na historia hiyo ina tarehe.

Niruhusu, ndugu msomaji, nitoe mfano wa karibu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni karani wa stoo katika kampuni moja inayotoa huduma kwa mgodi. Ana shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka sita. Baba yake, shemeji yangu, ni mfugaji asiye na maneno mengi. Aliposikia kwamba binti yake anataka kwenda mbele zaidi kimasomo, alisema tu kwamba yupo tayari kutoa ng'ombe kumi. Kwa Msukuma wa rika lake, ng'ombe kumi ni mahari ya kijana wa kiume, ni matibabu ya uzeeni, ni mvua itakaposhindwa kunyesha. Binti alijua uzito huo, na kwa sababu hiyo hakutaka kukosea. Akawatafuta watu watatu wanaosoma programu ile ile aliyokuwa akiitamani.

Wa kwanza, aliyekuwa katika muhula wake wa kwanza, alimwambia asichelewe hata siku moja, kwani macho yake yamefunguka na anajuta kwa nini hakwenda mapema. Wa pili, aliyekuwa katika hatua ya tasnifu kwa mwaka wa pili mfululizo, alimwambia asithubutu, kwamba atatupa fedha na kupata shinikizo la damu. Wa tatu, aliyekuwa amebakiza kutahini tu, alimpa jibu la neno moja: "Inategemea." Mpwa wangu akanijia akiwa amechanganyikiwa kuliko alipoanza. "Shikamoo, mjomba," alisema, "wote watatu wanasoma chuo kimoja, na walimu ni wale wale. Sasa mkweli ni nani?"

Nilimjibu kwamba wote ni wakweli, na kwamba shida haiko kwenye ukweli wao bali mahali wanaposimama wakiutamka. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Aliyeko muhula wa kwanza ameshalipa ada, ameshawaaga watoto siku za Jumamosi, ameshawatangazia wenzake ofisini. Akisema kwamba jambo hili halina maana atakuwa anajihukumu mwenyewe, na ni binadamu wachache wenye nguvu ya kufanya hivyo mbele ya mgeni. Zaidi ya hayo, katika muhula wa kwanza kila kitu ni kipya na kila mhadhara unasisimua, na bili ngumu hazijafika. Aliyeko kwenye tasnifu naye anazungumza kutoka ndani ya uchovu. Amekaa miezi akisubiri msimamizi asome sura yake ya pili, na sasa anaiona safari nzima kwa jicho la sehemu moja yenye matope. Huyu wa tatu ndiye aliyekaribia kusema jambo la maana, ila hakuulizwa swali la pili: inategemea nini?

Kuna ushahidi mwingine ambao mpwa wangu asingeweza kuupata kwa watatu hao hata kama wangekuwa malaika. Mwanafunzi wa sasa hajavuna. Anaweza kukueleza habari za kulima, kupalilia na bei ya mbolea, lakini hawezi kukueleza habari za mavuno, kwa sababu mavuno ya shahada huonekana miaka mitatu au mitano baada ya mahafali. Tena, mtu aliyeacha njiani humkuti darasani. Ukienda chuoni kutafuta ushauri utakutana na waliobaki pekee, na wale walioshindwa kulipa ada ya mwaka wa pili, au waliokata tamaa katikati ya tasnifu, wamekwisha kupotea katika hesabu.

Watu wa migodini wanalijua jambo hili vizuri, ingawa hawalitumii wanapofika kwenye masuala ya shule. Habari za rashi zikivuma, kwamba duara fulani limetema, anayesikika ni yule aliyenunua gari na kufungua nyumba ya wageni Katoro. Mamia waliochimba mita kwa mita na kukuta mwamba mtupu hawana hadithi inayosimuliwa, na hawasimami stendi kutangaza hasara. Kijana anayekimbilia rashi kwa kumsikiliza aliyepata ameshauriwa na bahati ya mtu mwingine. Anayekimbilia MBA kwa kumsikiliza aliyefanikiwa tu hayuko mbali naye.

Je, basi tuwaache wanafunzi wa sasa, tusiwaulize kitu? La hasha. Ninachosema ni kwamba tuwaulize yale wanayoyajua kwa macho yao, na tusiwaulize utabiri. Ukimuuliza mwanafunzi, "Je, MBA ni nzuri?", umemwomba maoni, naye atakupa hisia zake za juma lile. Lakini ukimuuliza ni vipindi vingapi vilipangwa muhula uliopita na ni vingapi vilifundishwa, umemwomba taarifa. Muulize darasa lao lilianza na watu wangapi na leo wamo wangapi. Muulize aliyetangulia mwaka mmoja mbele yake alichukua muda gani tangu kuwasilisha mapendekezo ya utafiti hadi kutahini. Muulize ni nani anayemlipia ada: yeye mwenyewe, mwajiri, au mkopo, kwa maana ushauri wa mtu anayesomeshwa na mwajiri haufanani na ushauri wa mtu aliyeuza kiwanja. Muulize, kabla ya ada, nauli na malazi vinamgharimu kiasi gani kwa mwezi. Na muulize swali ambalo wengi huliogopa: katika yale uliyojifunza, ni lipi moja ulilolitumia kazini mwezi huu?

Swali la nauli si la kupuuzwa katika jiografia yetu. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Geita aliyesoma Mwanza mwisho wa juma alikuwa mtumwa wa kivuko cha Kigongo na Busisi, na foleni ya magari iliweza kumlia saa za mhadhara mzima. Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa adha hiyo, na ni halali kulihesabu miongoni mwa miundombinu ya elimu ya juu Kanda ya Ziwa. Lakini anayetoka Kahama au Ushirombo bado anatumia siku yake ya mapumziko barabarani. Mtu akikuambia kwamba "vipindi ni Jumamosi tu", muulize anatoka nyumbani siku gani na saa ngapi.

Baada ya taarifa hufuata hesabu, na hapa ninashangazwa na watu wanaotaka shahada ya biashara ambao hawajaifanya biashara ya kwanza, yaani kuipigia hesabu shahada yenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme ada, nauli, malazi na gharama za utafiti kwa jumla ni shilingi 8,000,000, sawa na ng'ombe kumi wa shilingi 800,000 kila mmoja. Tuseme shahada hiyo itakuongezea shilingi 150,000 kwa mwezi baada ya makato, yaani shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Utahitaji karibu miaka minne na nusu ya kazi ili kurudisha ulichotoa, ukihesabu tangu siku mshahara utakapoongezeka na si tangu siku ya mahafali. Katika muda huo huo ng'ombe kumi, wakiwamo majike, wasingekaa kumi. Hesabu hiyo haisemi usiende shule. Inasema tu kwamba usiende bila kuijua. Na kama nyongeza yenyewe haina uhakika, basi mstari wa kwanza wa hesabu ni kumuuliza anayeitoa, ambaye ni mwajiri.

Mpwa wangu alifanya hivyo. Alirudi kwa yule wa tatu na kumuuliza inategemea nini. Akaelezwa kwamba kwake yeye mambo yalikwenda sawa kwa sababu tayari alikuwa mkuu wa kitengo, mwajiri alilipa nusu ya ada, na kulikuwa na nafasi iliyokuwa ikimsubiri. Kisha binti akaenda kwa meneja wake na kuuliza bila kuzunguka: nikileta MBA, nitakuwa nani hapa? Meneja, kwa uungwana, alimwambia ukweli. Katika idara ya stoo na manunuzi, kilichokuwa kikimzuia kupanda si shahada ya uzamili. Ni usajili wa kitaaluma wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, ambao unapatikana kwa mitihani anayoweza kuifanya akiendelea na kazi. Ng'ombe wawili waliuzwa. Wanane bado wako malishoni, na binti hajaifuta MBA katika ndoto zake. Ameisogeza mbele hadi atakapokuwa na kitu cha kuipelekea.

Sioni kwamba kisa hicho ni kanuni ya wote. Mhasibu wa halmashauri atakuta kwamba mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inamfungulia milango ambayo MBA haiifungui. Mwalimu anayetaka kuhamia utawala atahitaji kujua kwanza kama mwajiri wake atamruhusu kusoma na kama atakitambua cheti atakachokileta. Lakini ninamfahamu pia mama mmoja wa Kahama, mwenye mashine za kukoboa mpunga, ambaye alisoma MBA akiwa na umri unaokaribia wangu na ikamfaa hasa. Alikwenda shule akiwa na swali lake mkononi: kwa nini ananunua mpunga mwingi, anauza mchele mwingi, na mwisho wa mwaka haoni fedha? Kila somo alilisoma kwa ajili ya swali hilo. Alipofika kwenye somo la mzunguko wa fedha alijua kwamba amefika. Yeye hakuwa akitafuta cheti cha kumkinga na ukomo wa mgodi. Alikuwa na biashara inayougua, naye alikwenda kutafuta dawa.

Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu mimi mwenyewe ninakula mkate wa vyuo vikuu. Siamini hata kidogo hoja inayotamkwa kwenye vijiwe vyetu kwamba elimu hii ni karatasi tu, na kwamba matajiri wa Geita hawakusoma. Ni kweli kwamba mchimbaji mdogo wa Nyarugusu ana elimu ya biashara ambayo haijaandikwa. Anajua namna mawe yanavyogawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Anajua gharama zipi huondolewa kabla ya mgawo na zipi baada yake, na anajua ni karasha ipi inayomwibia. Lakini elimu hiyo hiyo haikumfundisha kuweka kumbukumbu ambazo benki itazikubali, na ndiyo maana wengi hubaki mikononi mwa mfadhili anayewapa chakula na dizeli leo ili aichukue dhahabu yao kesho kwa bei yake. Masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa wa mwanzo, yalipunguza giza katika bei. Hayakuondoa giza katika hesabu za mchimbaji mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa wazabuni. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Sheria imefungua mlango, lakini haimfundishi mtu kuandika zabuni, kupata dhamana ya benki, au kuhimili miezi ya kusubiri malipo. Kijana wa Kakola anayejua hayo atauza mboga, sare na vipuri mgodini. Asiyejua atabaki kibarua wa aliyetoka Dar es Salaam kuja kuvichukua vyote vitatu. Elimu ya usimamizi wa biashara ina kazi hapa kuliko mahali pengine popote nchini. Swali ni kama ile tunayoifundisha ndiyo hiyo.

Na hapa lawama inarudi kwetu sisi wahadhiri. Shahada hii ilizaliwa Marekani. Harvard ilianza kuitoa mwaka 1908, na baadaye ikajenga njia yake ya kufundisha kwa visa halisi vya makampuni, ambapo mwanafunzi hupewa tatizo alilolikabili meneja fulani na kuulizwa angefanya nini. Njia yenyewe ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba visa vingi tunavyowapa wanafunzi wetu bado ni vya maduka ya Chicago na viwanda vya magari vya Japani, ilhali tumekaa juu ya visa ambavyo dunia ingevisafiria. Ni nani amewafundisha wanafunzi wa Kanda ya Ziwa kisa cha makontena 277 ya makinikia, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma na ile ya Profesa Nehemiah Osoro za mwaka 2017, na mazungumzo yaliyozaa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16 na Barrick asilimia 84? Mtu anaweza kuyaunga mkono au kuyapinga matokeo yake. Lakini kama hayo si somo la majadiliano ya kibiashara, sijui somo hilo ni lipi.

Tunaye pia Williamson, mjiolojia wa Kanada mwenye shahada ya uzamivu, aliyegundua almasi Mwadui mwaka 1940. Alipofariki mwaka 1958 mgodi ukaishia mikononi mwa De Beers na serikali ya kikoloni kwa nusu kwa nusu. Ni kisa kizima cha urithi wa biashara, kilichotokea umbali mfupi kutoka mjini Shinyanga. Na tunaye Paul Bomani. Wakulima wa pamba wa Usukuma walipochoshwa na mizani ya wanunuzi, hawakungoja mtaalamu kutoka ng'ambo awaambie kwamba wanapunjwa. Waliulizana wao kwa wao: wewe ulipima uzito gani nyumbani, na mnunuzi alikuandikia upi? Kutoka kwenye maswali ya namna hiyo, mwaka 1955 kikasimama chama kikuu cha ushirika cha Victoria, ambacho kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa zaidi vya ushirika barani Afrika. Vyama vilivyofuata vilidhoofika kwa sababu ambazo nazo zinastahili kusomwa darasani, na huko Kizumbi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ipo taasisi ya elimu ya ushirika na biashara ambayo ingeweza kuwa nyumba ya masomo hayo.

Nimeitaja pamba kwa sababu inaonyesha kwamba kumuuliza mwenzako aliyetangulia si desturi ngeni kwetu. Tofauti ni kwamba mkulima yule aliuliza uzito, wakati sisi tunauliza maoni.

Lipo jambo jingine ambalo sitaki kulifunika. Katika kuulizana huko, wanafunzi wa sasa wakati mwingine huwapa wanaokuja ushauri wa aina nyingine: "Usiogope tasnifu, kuna watu wanaandika." Kila mhadhiri wa nchi hii anajua maana ya sentensi hiyo. Kuna wanaouza mapendekezo ya utafiti na sura za tasnifu kama wanavyouza kadi za mialiko, na kuna wanunuzi wenye vyeo. Wewe unayetafuta ushauri, ukiambiwa hivyo, fahamu kwamba umepewa taarifa ya thamani kubwa kuhusu programu hiyo: msimamizi hasomi, au anasoma na hajali. Shahada inayoweza kununuliwa na mwenzako haitakuwa na thamani mkononi mwako hata kama wewe uliifanyia kazi usiku na mchana. Shemeji yangu hakuwa tayari kutoa ng'ombe kumi kwa ajili ya kitu cha namna hiyo, na hakuna mzazi anayepaswa kutoa.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu ana wa kumuuliza, na huo ndio ukosefu wa haki ulio katikati ya jambo hili. Mpwa wangu alikuwa na wanafunzi watatu wa kuwapigia simu, meneja mwungwana, na mjomba mhadhiri. Mtoto wa mchimbaji wa Mgusu, wa kwanza katika ukoo wao kumaliza chuo kikuu, hana hata mmoja kati ya hao. Atakachokuwa nacho ni bango la rangi kando ya barabara na namba ya simu ya afisa udahili, ambaye naye ni mwamba ngoma. Wenye jamaa wenye elimu wanapata taarifa bure. Wasio nao wanailipia kwa ng'ombe. Tukisema elimu ni mkombozi wa wanyonge huku tukiacha taarifa zake zipite kwenye mikono ya undugu, tunawadanganya.

Pendekezo langu ni jepesi kutekelezwa. Kila chuo kinachotoa shahada za uzamili kitangaze, kwa kila programu na kila mwaka, mambo manne: waliodahiliwa ni wangapi, waliohitimu ni wangapi, walitumia muda gani kwa wastani, na gharama yote ni kiasi gani pamoja na zile ada ndogondogo ambazo hazimo kwenye tangazo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo tayari ndiyo inayotoa ithibati ya programu hizo, ina uwezo wa kulifanya hilo kuwa sharti. Takwimu hizo tunazo kwenye ofisi za usajili. Kinachokosekana ni utayari wa kuziweka mahali ambapo mtoto wa Mgusu anaweza kuziona kabla hajalipa.

Hadi siku hiyo itakapofika, wewe unayejiandaa kuomba nafasi, endelea kuwauliza waliotangulia. Uliza zaidi ya mmoja, na jitahidi sana kumtafuta aliyehitimu miaka mitano iliyopita na yule aliyeacha njiani, hata kama itakugharimu safari. Uliza tarehe, idadi na shilingi. Muulize mwajiri wako kabla hujamuuliza afisa udahili. Kisha ujiulize mwenyewe ni swali gani la maisha au la biashara unalolipeleka darasani. Ukiwa nalo, nenda, na sisi walimu tutakuwa na wajibu wa kukujibu. Ukiwa huna, ng'ombe hawana haraka.